Albamu mpya imetoka: namna ya kuisikiliza na kuandika maoni yenye kitu ndani

Albamu ikidondoka, maoni ya kwanza huingia kwenye magrupu kabla wimbo wa tatu haujaisha. "Moto." "Kali sana." "Hakuna wa kuruka." Aliyeandika huenda anasema kweli tupu, lakini aliyesoma hapati kitu cha kushika. Hajui afungue wimbo gani, asikilize nini, akubali wapi au akatae wapi. Maoni mazuri humpeleka mtu mahali: fungua wimbo wa nne, nenda dakika 1:48, sikiliza ngoma zinavyokatika. Akifika pale, hata kama hakubaliani nawe, mna jambo la kuzungumza. Kazi yote iliyoelezwa hapa chini, kuanzia kuandaa simu hadi kurudi wiki moja baadaye, inalenga hapo.

Jua saa ya kutoka

Tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zimeifanya Ijumaa kuwa siku ya kutoa kazi mpya, na saa yenyewe ni saa sita usiku, Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mara nyingi saa hiyo hufuata mahali ulipo. Hapo ndipo wenzako wa Muscat wanapokutangulia: kwao ikigonga saa sita usiku, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala bado ni saa tano. Walioko Bujumbura, Kigali na Lubumbashi wanasubiri saa moja zaidi yako. Aliyeko London anaipata ikiwa Dar ni saa nane usiku wakati wa kiangazi chao, na saa tisa usiku wakati wa baridi. Aliyeko Toronto anaipata ukiwa unakunywa chai, saa moja asubuhi, au saa mbili wakati wa baridi.

Kuna albamu nyingine hufunguliwa duniani kote kwa wakati mmoja, kwa kawaida saa sita usiku ya New York. Hizo zinatua Afrika Mashariki saa moja au saa mbili asubuhi, kwa hiyo usikeshe bure. Soma tangazo la msanii mwenyewe uone ametaja saa ya wapi.

Wasanii wetu wengi hawajafungwa na Ijumaa. Ngoma inaweza kushuka Jumanne mchana, ikaanzia YouTube kama sauti tupu, video ikafuata baada ya siku kadhaa. Hapo angalia jina la chaneli kabla ya kubonyeza. Wanaopandisha kazi za watu huongeza kasi kidogo au huifanya sauti iwe nyembamba ili mitambo ya kutambua nyimbo isiwakamate. Ukisikia sauti ya mwimbaji imekuwa nyembamba kuliko unavyoijua, au wimbo ulioandikwa dakika 3:20 unaisha 3:05, umeingia kwenye nakala bandia. Ukiutolea maoni huo, unamhukumu msanii kwa sauti ambayo hakuitoa.

Jambo la jina, kama ni albamu au EP (kazi fupi kuliko albamu), nalo lisikupotezee muda. Duka la Apple huhesabu kazi ya nyimbo 4 hadi 6 isiyofika dakika 30 kuwa EP, lakini msanii huita kazi yake atakavyo. Kazi ya kwanza ya Zuchu, ya Aprili 2020, ina nyimbo 7 na imetoka kama EP. Ile ya Diamond Platnumz ya Machi 2022, First of All, ina nyimbo 10 na nayo ni EP. Tumia jina alilolitumia msanii, kisha uzungumzie muziki.

Andaa simu kabla ya saa sita

Anza na bando. Ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula takribani MB 1.2 kwa dakika, maana yake albamu ya dakika 45 inamaliza MB 54 kwa kuisikiliza mara moja. Ukipandisha hadi kilobiti 320, ni MB 108. Ukishusha hadi 96, ni MB 32 hivi. Utaisikiliza si chini ya mara tatu, kwa hiyo kama usajili wako unaruhusu kupakua ndani ya programu, pakua mara moja kwenye Wi-Fi na usikilize bila mtandao. Video ya YouTube hula bando mara kadhaa zaidi ya sauti peke yake. Kama lengo ni kusikiliza, iache video kwanza.

Usiache ubora kwenye "otomatiki" usiku wa kutoka. Mtandao ukilemewa, programu inashusha ubora kimyakimya katikati ya wimbo, matoazi yanaanza kusikika kama mchanga unaomwagwa, nawe unaandika kwamba miksi, yaani namna sauti na ala zilivyochanganywa, ni mbovu. Chagua ubora mmoja na ubaki nao.

Kisha ingia kwenye mipangilio na uzime vitu vitatu. Cha kwanza ni kuchanganya mpangilio wa nyimbo. Msanii amepanga wimbo wa kwanza uwe wa kwanza kwa sababu yake, na baadhi ya programu za bure huchanganya bila kukuuliza, basi linganisha na orodha rasmi. Cha pili ni kile kinachofifisha mwisho wa wimbo na kuuingiza unaofuata juu yake, kwani kinakula sekunde za mwanzo na za mwisho, na mara nyingi mle ndimo mna maneno ya kuunganisha nyimbo. Cha tatu ni ikwalaiza, hasa ile ya kuongeza besi. Kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti kiwashe. Sikio la binadamu huona chenye sauti kubwa kuwa ndicho kizuri, na bila kusawazisha utausifu wimbo kwa ukubwa wake tu.

Tumia hedifoni au earphone za waya zenye kukaa vizuri sikioni. Ikiwa upande mmoja umelegea, besi inakimbia na sauti inabaki na uwazi kama wa mtu anayeimbia ndani ya ndoo. Spika ya simu yenyewe haiwezi kutoa besi ya chini, kwa hiyo hukumu yoyote kuhusu besi iliyotoka kwenye spika ya simu haina msingi.

Mara ya kwanza: kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kalamu fupi

Usisome maoni ya mtu yeyote kabla ya kumaliza. Hili ndilo linaloharibu maoni mengi kuliko yote. Ukisoma kwamba wimbo wa saba ni dhaifu, utaanza kuutafutia udhaifu kabla hujaufikia. Weka simu kwenye hali ya kutosumbuliwa, na usisimamishe wala kurudisha nyuma hata mahali unapopapenda.

Chukua karatasi au daftari la simu. Kwa kila jambo linalokushtua, andika namba ya wimbo, dakika na sekunde, alama moja na neno moja au mawili. Alama ni tatu zinatosha: + kwa kilichokuvuta, – kwa kilichokutoa, ? kwa usichokielewa. Mstari mmoja unakuwa hivi: "4 / 1:48 / + / kimya, gitaa." Mwingine: "6 / 0:30 / ? / sauti ya nani?" Usiandike sentensi. Ukiandika sentensi, masikio yanafuata kalamu, na sekunde ishirini za wimbo zinapita bila wewe.

Albamu ya nyimbo 12 hukupa alama kati ya 15 na 30. Ukiwa na tatu tu, ulikuwa unafanya jambo jingine. Ukiwa na sitini, ulikuwa unaandika kuliko kusikiliza.

Ikiisha, kaa dakika kama tano bila kucheza chochote, kisha andika ni wimbo gani unaokujia kichwani wenyewe. Ukitaka kutuma kitu usiku huohuo, tuma hicho na alama zako mbili tatu, na useme wazi kwamba umesikiliza mara moja. Maoni ya mara ya kwanza ni halali kabisa, na yana uchangamfu ambao hautarudi. Tatizo huja yanapovaa joho la hukumu.

Mara ya pili: maneno, mapigo na sauti

Lala kwanza. Masikio yaliyochoka saa nane usiku husikia kila kitu kikiwa kizito. Kesho yake rudi kwenye alama zako, ukianza na zile za kuuliza, na safari hii simamisha na urudie utakavyo.

Maneno ndiyo yanayohitaji uvumilivu zaidi. Usitegemee maandishi yanayojitokeza yenyewe kwenye video wala tovuti za mashairi ya nyimbo. Kiswahili chao mara nyingi kimekosewa, hasa pale msanii anapomeza silabi au kuchanganya lugha ya mtaani. Sikiliza mstari mara tatu, andika ulichosikia, kisha uliza mtu wa mji anakotoka msanii. Neno moja hubadilika likivuka mpaka. "Noma" inaweza kuwa balaa au sifa kubwa, na sauti ndiyo inayoamua. Sheng ya Nairobi ina "kuchoma" kwa maana ya kuharibu au kuaibisha. Ukiandika kwamba msanii "amechoma" ukimaanisha amewaka moto, msomaji wa Eastlands atadhani unamponda. Ukiwa na wasomaji wa miji tofauti, chagua neno ambalo halitakugeuka.

Nyimbo zenye asili ya taarabu zinataka sikio lake. Fumbo na mipasho haviko kwenye mstari mmoja, viko kwenye anayeambiwa. Ndiyo maana inafaa kumjua mgeni aliyealikwa kabla ya kusema kolabo imefaa au haikufaa. Katika ile EP ya Zuchu yumo Khadija Kopa, mkongwe wa taarabu na mama yake mzazi. Msikilizaji anayelijua hilo anasikia mazungumzo ya mama na binti. Asiyelijua anasikia sauti mbili tu.

Mapigo yapime badala ya kukisia. Gonga kidole mezani kufuata mdundo kwa sekunde 15, hesabu, zidisha kwa nne. Ukipata 28, ni mapigo 112 kwa dakika, yaani uko kwenye eneo la amapiano, na kama besi nayo inagonga kama ngoma ya gogo la mti (log drum), umethibitisha. Singeli huvuka 200. Kwa kasi hiyo kidole hakitaweza, kwa hiyo gonga pigo moja uruke moja, kisha zidisha mara mbili. Kosa la kawaida ni kuhesabu nusu bila kujua: unaandika wimbo ni wa polepole kwa sababu ulifuata makofi ukaacha mapigo ya ngoma. Ukipima nyimbo zote na nane kati ya kumi na mbili zikawa na mwendo uleule, umepata sababu ya ile hisia kwamba "albamu inachosha katikati". Hilo ni jambo la kuandika.

Kuhusu miksi, fanya jaribio hili. Shusha sauti hadi iwe ya mnong'ono. Kama maneno ya mwimbaji bado yanasikika, sauti yake imekaa mahali pake. Kama yamezama na imebaki ngoma tu, yamefunikwa. Kisha pandisha hadi kiwango cha kawaida na usikilize "s" na "sh". Kiswahili kimejaa herufi hizo, na zisipodhibitiwa zinachoma sikio kila msanii anaposema "shida" au "sisi". Sikiliza pia besi inapoingia baada ya intro: je, maneno yanarudi nyuma? Andika sekunde.

Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, nayo inaonewa sana. Sauti ya kawaida huteleza kutoka noti hadi noti, na waimbaji wa taarabu wanaishi ndani ya mteleza huo. Programu ikikazwa, mteleza unakatwa ukawa ngazi, na sauti inaruka. Wengi hukaza kwa makusudi, kama rangi ya wimbo. Cha kuuliza ni kama rangi hiyo inafaa pale ilipopakwa. Kwenye wimbo wa kuomboleza, mara nyingi haifai.

Kumtambua prodyuza, sikiliza sekunde kumi za mwanzo. Wengi wana saini ya sauti: ukisikia "Ayo Lizer", huyo ni Lizer Classic. Ila saini ni ya aliyetengeneza biti, na aliyefanya miksi au masta (hatua ya mwisho ya kung'arisha sauti) anaweza kuwa mtu mwingine. Fungua sehemu ya majina ya waliohusika kwenye programu kabla ya kumsifu au kumlaumu mtu.

Mara ya tatu isikilize ukiwa kwenye shughuli: jikoni, kwenye gari, ndani ya daladala. Albamu nyingi za huku zimetengenezwa zikijua zitachezwa kwenye makelele. Kuna wimbo uliokuwa mtupu kwenye hedifoni utakaokaa sawasawa ukiwa unakuna nazi.

Kuandika

Chukua sentensi hii ya kawaida, ya wimbo wa nne wa albamu ya kufikirika: "Wimbo wa nne umenigusa, prodyuza kaua, sauti hatari."

Irudie kwa kutumia alama zako:

"Wimbo wa nne: tangu mwanzo ngoma na besi hazipumziki, na jamaa anajigamba kwamba hajali kuachwa. Ikifika 1:48 kila kitu kinakatika, linabaki gitaa moja, naye anasema 'rudi' kwa sauti ya chini, bila mwangwi wowote. Sekunde nane tu. Ngoma zikirudi anaendelea kujigamba, lakini sasa humwamini tena."

Imejengwa kwa vitu vitatu: mahali, kilichotokea, na kilichobadilika kwenye wimbo kwa sababu hiyo. Cha tatu ndicho watu husahau. "Gitaa linaingia 1:48" peke yake ni taarifa ya fundi. Linapobadilisha namna tunavyomsikia mwimbaji, hapo una maoni. Neno "umenigusa" halihitajiki tena, msomaji ameona ulipoguswa.

Kukosoa kunafuata njia hiyohiyo. "Wimbo mbovu" haimsaidii mtu. "Kiitikio kinarudi mara sita ndani ya dakika tatu, na kuanzia cha nne hakuna kinachoongezeka, si sauti ya pili wala ala mpya" inamsaidia hata msanii mwenyewe akiisoma. Baki kwenye kazi. Mwili wa msanii, mapenzi yake na ugomvi wake na lebo havisikiki kwenye spika. Na ushabiki wa timu, ule uliowagawa mashabiki wa Bongo Fleva kwa miaka mingi, una dawa moja rahisi: jiulize kama ungeandika sentensi hiyohiyo iwapo wimbo ungekuwa wa yule wa upande wa pili. Kama jibu ni hapana, ifute.

Kwa urefu, X ya bure inakupa herufi 280, zinazotosha wimbo mmoja na sekunde moja. Usijaribu kubana albamu nzima humo. WhatsApp inabeba maneno 150 hadi 200 kabla watu hawajaanza kuruka. Ukitumia ujumbe wa sauti, usizidi dakika moja, na taja namba ya wimbo mwanzoni.

Alama za kumi kwa kumi hazina faida kubwa. Ukijumlisha wimbo kwa wimbo na kugawanya, albamu yenye nyimbo mbili za ajabu na kumi za kawaida inaweza kupata alama sawa na ile ya nyimbo kumi na mbili za wastani, wakati ni kazi mbili tofauti kabisa.

Kusikiliza pamoja mkiwa mbali

Usicheze wimbo ndani ya simu ya grupu ili wengine wasikie. Programu za simu zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi: zinakata besi na kuufuta muziki zikidhani ni kelele. Kila mmoja acheze nakala yake. Mmoja ahesabu "tatu, mbili, moja, cheza", maiki zote zizimwe, na maoni yaandikwe kwa kuanza na namba na sekunde, mfano "5 / 2:10". Mkipishana sekunde mbili tatu, si neno. Wekeni kituo cha dakika tatu kila baada ya nyimbo nne, mtu apate kusema. Anayechelewa kwa sababu ya saa za nchi yake awekewe kanuni: hakuna kumwaga mambo hadi wa mwisho amalize.

Na kamwe asitokee mtu akarusha faili la albamu nzima kwenye grupu. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukivuka sekunde 30. Faili lililorushwa halimhesabii msanii chochote, hata likisikilizwa na watu 1,024 ambao ndio ukomo wa grupu la WhatsApp. Kuacha simu ikicheza usiku kucha bila sauti nako hakumsaidii, kwani huduma hizi husaka usikilizaji wa kubuni na kuufuta.

Ukirekodi video ya maoni

Ile imani kwamba sekunde kumi za wimbo ni halali haina ukweli. Mtambo wa YouTube unaweza kutambua kipande kifupi, na mara nyingi matokeo yake ni mapato kwenda kwa mwenye wimbo au video kuzuiwa. Onyo la hakimiliki ni zito zaidi: matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Njia salama ni kuvaa hedifoni, kuhakikisha wimbo hauingii kwenye maiki, na kutaja wimbo na sekunde ili mtazamaji aucheze mwenyewe pembeni. Sauti yako itasikika safi zaidi pia. Jaribu kwa kurekodi sekunde 20 ukiwa kimya huku wimbo unacheza, kisha uisikilize kwa sauti kubwa. Ukiusikia wimbo kwa mbali, hedifoni zinavuja.

Wiki moja baadaye

Bila kuangalia orodha, andika nyimbo ulizozirudia kwa hiari yako katika siku saba. Mara nyingi ni tatu au nne, na mara nyingi mmoja wao ulikuwa na alama ya – usiku wa kwanza. Huo uandikie sentensi mbili mpya: ulichokosa kusikia, na sekunde kilipo. Iweke chini ya maoni yako ya awali, yenye tarehe yake, na ya awali yaache kama yalivyo.